Konokono wa Kwenye Sombe

Mpaka leo nikisikia harufu ya sombe mbichi, yale majani ya muhogo yaliyolowa umande, najikuta tena kwenye ua wa mama mudogo, Buyenzi, nina miaka minane na sina wa kuongea naye. Mama alikuwa amevuka mpaka wa nchi kwenda kuuza Uvira na mizigo ya vitenge, siku mbili tu, alisema. Mpaka ukafungwa, siku mbili zikawa miezi. Mama mudogo, yaani mdogo wake, alishinda sokoni akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, geti amelifunga kwa nje. Jamani, upweke ule! Hata kuku hatukuwa naye.

Siku moja kwenye fungu la sombe nikamkuta konokono mtoto, mdogo kama punje ya muhindi. Ganda lake lilikuwa jembamba mno. Nilipomwinua juani niliona ndani kitu kikipiga, polepole. Moyo! Nikamweka kwenye kopo la maziwa, na kila asubuhi nilimwinua nione mapigo, nikimsimulia habari za mama.

Halafu akanidondoka kwenye saruji. Ganda likapasuka, nyama ikachanika, yakatoka majimaji yenye ubuluu kidogo. Nikakagua: hakuna damu. Nikashukuru Mungu, nikamfuta kwa kitenge, nikamrudisha koponi. Jioni mama mudogo akaniuliza kama kawaida, "Umeshinda muzuri?"

"Ndiyo, muzuri."

Kesho yake juani hakuna kilichopiga.

Nilikuja kujua nikiwa sekondari, mwalimu wa biolojia alipochora konokono ubaoni. Damu yake ina shaba, akasema, si chuma kama yetu, ndiyo maana haina wekundu. Moyo huisukuma kwenye mishipa mifupi, kisha inamwagika mwilini, inaogesha viungo vyote, ndipo inarudi. Nikaacha kuandika. Kumbe mimi mjinga nilikuwa nimeifuta kwa kitenge! Niliona uchungu, darasa zima likiandika.

Nikamfikiria mama, siku ile aliporudi. Alimuuliza mdogo wake kama nilikuwa nalia.

"Apana, hata siku moja," mama mudogo akajibu, na ni kweli.

Mama akacheka kwa furaha. "Huyu mutoto ni mugumu! Hana shida."

Nami nilimwamini, sikujua kwamba kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa kuumia. Wiki iliyofuata akavuka tena, na mimi ndiye niliyemsaidia kubeba mizigo mpaka barabarani.