Jina Langu Ubavuni mwa Mashua

Siku waliyofuta jina langu, mwanangu, nilikuwa uani kwangu hapahapa Kimbiji, nakuna nazi. Mume wangu Athumani hakuniambia kitu. Walioniambia ni mabaharia wake.

Mashua ile iliitwa Mwanaidi, kama mimi. Mbao zake zilitoka kwenye miembe niliyoachiwa na marehemu baba, na siku inashushwa majini ubwabwa wa kisomo niliupika mimi. Athumani akasema mbele za watu, "Chombo hiki ni wewe." Nami, kwa ujana wangu, nikaamini. Baadaye akaoa mke wa pili kule Temeke, akalipaka rangi jina langu, akaandika la huyo mwenzangu, Zuhura.

Mabaharia wakagoma. Imani ya huku pwani unaijua: jina la chombo halifutwi mpaka mwenye jina atoe radhi, dua isomwe na ubani ufukizwe. La sivyo, bahari hukasirika. Wakaja kwangu na nahodha wao, Mzee Kombo. Mdogo wangu Shomari alikuwa miongoni mwao, kainamisha kichwa.

"Bi Mwanaidi, tunaomba radhi yako," alisema Mzee Kombo. "Sie tuna watoto."

"Mwenye chombo mbona hakuja?"

"Anaona haya."

Nikacheka, mwanangu, kicheko kibaya. Lakini ningemzamisha Shomari kwa hasira zangu?

"Nyie nimewaridhia," nikasema. "Yeye sijamridhia, na bahari inasikia."

Basi nikakaa kungoja bahari inilipie. Unajua ilifanya nini? Iliwapa samaki. Mwaka hadi mwaka Zuhura ikarudi imejaa. Athumani akajenga nyumba Temeke, akafia kitandani, wanawe wamemzunguka. Mie habari za msiba nilizipata sokoni.

Ndiyo maana ulipokuja mbio kunionyesha bajaji ya mchumba wako yenye jina lako, sikupiga vigelegele. Rangi hufutwa asubuhi moja tu, mwanangu, tena na mtu uliyempikia jana yake. Ukitoa kilicho chako, sema ni chako siku ileile, mbele ya wazee. Na ukidhulumiwa, mwendee aliyekudhulumu umwambie usoni. Usiiachie bahari. Mie niliiachia, ikala ujana wangu wote, wala haikujua kama naingoja.

Mungu akujalie ndoa ya heri, akupe na ulimi wa kusema mapema. Akuepushe na kungoja kama nilivyongoja mie. Amin.