Siku Niliyobebwa Ndani ya Mtumbwi Hadi Soko la Garsen

Kisa hiki nimekikalia kimya miaka mingi, na si kwamba nimekisahau, ni kwamba kila nikikikumbuka uso unaniwaka kwa aibu, halafu hasira inakuja juu ya aibu, na mtu mwenye vitu hivyo viwili kifuani hasimulii vizuri. Lakini nyinyi ni wenzangu, na najua wengine mmeshakisikia kwa watu walioongeza chumvi, basi heri mkisikie kwangu mimi niliyeanguka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Zahanati ya Garsen wakati ule ilikuwa chumba kimoja tu, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu alilala sakafuni katikati ya wenye homa na wenye vidonda. Dada yangu Habona alikosa hata hiyo nafasi ya sakafuni, akajifungulia nje, ubavuni mwa ukuta, mvua ikimnyeshea, na mtoto hakuishi. Nilipomaliza kulia nikasema chumba cha wazazi kitajengwa. Wanawake wa kando ya mto tukakandika kuta wenyewe (matope tunayo, nani atatunyima), lakini paa likatushinda. Ndipo mimi Hadhara, mke wa mkulima wa mpunga, nikasimama sokoni nikatangaza kwamba nitapanda mto kwa mtumbwi kutoka Kipini mpaka Garsen, peke yangu, kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini mtoni, maji yakinirudisha nyuma, na yeyote anayedhani siwezi aahidi mabati, nikifika ayalete.

Walicheka sana, na kwa kuwa walicheka, waliahidi sana. Basi nilifika. Sitawachosha kwa habari za viboko na mbu na viganja vilivyochubuka mpaka nikawa nalishwa kama mtoto, nilifika, hilo ndilo neno. Mabati yakaanza kuletwa, na mpokeaji alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya ujenzi, Bwana Shee, mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mlango wa kufuli. Tulipoyapanga yakatosha upande mmoja wa paa, na masika hayakuwa mbali. Nikasema tuwaite watu, tuwashukuru walioleta, kisha tuwaombe tena.

Bwana Shee akanijia na mpango wake.

"Dada Hadhara," akasema, "ukisimama pale ukasema asanteni, nani atakusikiliza? Tukubebe ndani ya mtumbwi wako, kutoka mtoni mpaka sokoni, watu wakuone ulivyokuja. Wataguswa."

Moyo ulikataa (mtu mzima akibebwa, amekufa au anaolewa, na mimi sikuwa katika hali yoyote kati ya hizo) lakini nikalifikiria lile paa, nikamwambia haya. Hiyo "haya" ndiyo iliyoniponza. Kisha akaniinamia sikioni akaongeza kwamba Mzee Guyo, mfugaji wa Minjila, aliyeahidi kuliko wote, hajaleta hata bati moja. "Wafugaji ndivyo walivyo," akasema, na mimi mjinga nikayameza maneno yake mazimamazima.

Siku ya soko ikafika, nikavaa leso yangu mpya, nikaketi ndani ya mtumbwi, vijana wakaunyanyua mabegani, wanawake wakapiga vigelegele, na Bwana Shee akatangulia mbele akipunga mkono kana kwamba pondo aliishika yeye. Tulipofika pale ng'ombe wanaponyweshwa, chifu akatokea na kanzu yake nyeupe, na Bwana Shee akasimama ghafla kumwamkia, vijana wa mbele wakasimama naye, wa nyuma hawakuwa na habari wakaendelea kusukuma, mtumbwi ukainamisha pua, nami nikateleza kama samaki anayemwagwa kutoka kapuni, nikaenda kichwa mbele ndani ya lile tope la mikojo ya ng'ombe. Leso ilinasa kwenye mtumbwi ikabaki huko juu. Mimi nikabaki chini na shimizi yenye viraka, na tope lililoruka likampata chifu kifuani.

Soko zima lilicheka. Hata waliokuwa wakipiga vigelegele walicheka. Mama mmoja akanirushia leso yake nikajifunga, na nilipofuta macho, wa kwanza niliyemwona ni Mzee Guyo, amesimama na fimbo yake, yeye hacheki. Jamani, hasira haina macho. Shukrani zote nilizozipanga usiku kucha zikapotea, nikafungua mdomo yakatoka matusi.

"Chekeni," nikasema. "Mikono yangu ilioza kwa ajili ya wake zenu. Na wewe Mzee Guyo, unayejifanya mtu wa heshima, ndiye mbaya kuliko wote. Uliahidi mbele za watu, ukala ahadi yako."

Kicheko kikakatika. Mzee Guyo hakupandisha sauti, akasema kwa Kiswahili chake cha malishoni, "Mimi naleta mabati zamani. Nauza ndume, nanunua, nampa huyu Shee. Yeye anasema Hadhara amepokea, anashukuru sana." Akainua fimbo, akaielekeza nyuma ya duka la Bwana Shee. "Ile pale."

Wote tukageuka. Ghala la unga la mwenyekiti wetu lilikuwa linang'aa kwa paa jipya, nami nilikuwa nikilipita kila siku nikisema biashara yake inakwenda vizuri.

"Nilikuwa nayatunza tu," Bwana Shee akasema, "yasishike kutu."

"Unayatunza kwa kuyapigilia misumari?" nikamuuliza.

Chifu alikuwa bado anajipangusa tope, akamtazama, akasema, "Shee, leta ngazi."

Mabati yalishushwa siku ileile, lakini Mzee Guyo hakuyasubiri, alikuwa ameshaondoka. Kesho yake nikaenda Minjila kwa miguu kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Binti yangu, unanitukana sokoni, unaniomba radhi nyumbani?"

Nilirudi Garsen nikiwa na hasira na Shee, na waliocheka, na zaidi na mimi mwenyewe, na siku ya soko iliyofuata nikasimama palepale kwenye tope, bila mtumbwi, bila mwenyekiti, nikalitaja jina la Mzee Guyo kwa sauti na nikasema nilimsingizia. Kisha nikawashukuru wengine mmoja mmoja, nikimtazama kila mtu usoni, na nikasema paa bado lina pengo. Hakuna aliyecheka. Pengo lilizibwa kabla ya mvua, na Bwana Shee (huyu mtu hana haya) siku ya kufungua chumba alikuja na kofia mpya akakaa mstari wa mbele.

Mpaka leo naomba mabati, naomba magodoro, naomba mafuta ya taa ya chumba kile, na sitaacha. Lakini mtu asiniambie tena atanibeba, wala asiniambie atanipelekea asante yangu. Naipeleka mwenyewe, kwa miguu, mpaka mlangoni pa aliyetoa, hata kama anakaa Minjila na jua linachoma.