Bendi Ambayo Ozella Hakuitaja

Mtaa wa Hickory, upande wa weusi wa jiji moja huko Tennessee, Marekani, ulikuwa na desturi moja ambayo hata mgonjwa aliinuka kitandani kuishuhudia. Kila vuli, Jumamosi ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani, bendi ya Shule ya Dunmore, shule ya watoto weusi, ilipita mtaani na kusimama mbele ya nyumba ya mwanafunzi aliyeiongoza mwaka huo. Hapo ilipiga wimbo mzima, na mama mwenye nyumba akashuka ngazi na keki ya pichi. Ozella Gaither, mpiga pasi kwa dobi, aliingoja siku yake tangu bintiye Jonetta alipokuwa mdogo, akizungusha ufagio uani badala ya fimbo ya kiongozi, magoti yakipanda hadi kifuani.

Lakini Ozella alikuwa na hasira zake pia. Vitabu vya Dunmore vilitoka shule ya wazungu ya Westover vikiwa hoi, vimejaa majina ya watoto wengine, kurasa zimenyofolewa. Chumba cha kemia hakikuwa na bomba la maji. Basi wakili Whitlow alipotafuta wazazi wa kuishtaki bodi ya elimu ili watoto weusi na weupe wasome pamoja, Ozella alikuwa wa kwanza kusimama kanisani. Tajiri yake alimfukuza kazi wiki hiyohiyo. Hakurudi nyuma.

Siku ya ushahidi wakili alimvuta pembeni.

"Bi Ozella, leo sema mabaya tu."

"Na bendi je? Bendi yetu inawatoa jasho hao Westover."

"Usiitaje kabisa. Hakimu akisikia mna cha kujivunia, atasema hamna shida."

Akatii. Alipanda kizimbani na kofia yake ya Jumapili, akaianika Dunmore: paa linalovuja, vitabu, bomba. Alisema jengo lile halimfai mtoto wa mtu yeyote. Hakutia chumvi hata kidogo. Nyuma ya ukumbi aliketi Jonetta, aliyekuwa ameteuliwa mwezi uleule kuongoza bendi vuli iliyofuata. Alimsikia mama yake akiiumbua shule yake mbele ya wazungu, akainamisha kichwa.

Walishinda. Mtaa uliimba mpaka sauti zikakauka. Ozella aliamini, kama wote walivyoamini, kwamba watoto wa kizungu nao wangekuja Dunmore, na bomba lingekuja nao. Bodi ilikuwa na yake. Ilitangaza kuifunga Dunmore na kuwapeleka watoto wake Westover, na mwenyekiti wa bodi, bila haya wala soni, akayasoma maneno ya Ozella vilevile: jengo lile halimfai mtoto wa mtu yeyote. Ngoma na sare zilitupwa jalalani, na walimu wengi weusi wakaambiwa wajitafutie kazi kwingine. Ukitaka kujua mtu anavyochapwa kwa fimbo yake mwenyewe, ndivyo hivyo. Jonetta alipoomba angalau kupiga filimbi Westover, aliambiwa nafasi zimejaa.

Jumamosi ile ya vuli ilipofika, Ozella alijikuta ameoka keki ya pichi. Nje, majirani walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao wakiutazama mtaa mtupu. Bi Pearlie wa nyumba ya pili, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alikuja na kijiko chake.

"Usituangalie hivyo, Ozella. Tunaota jua tu."

"Jua gani na mawingu haya?"

"Basi tunaota mawingu. Kata keki, mwanamke."

Ozella alicheka, kisha akageuka. Jonetta alikuwa amesimama mlangoni.

"Vitabu vya huko vina kurasa zote?" mama akamuuliza.

"Zote, mama. Tena vipya."

"Na wenzako?"

"Nikikaa, wanahama."

Ozella akaiweka sahani ya keki chini. "Nisamehe, mwanangu. Ningeitaja ile bendi."

"Najua, mama."

Jonetta akauchukua ufagio nyuma ya mlango. Bi Pearlie akashusha kijiko. Jonetta aliushika katikati, kama zamani, na goti likaanza kupanda. Kisha akaugeuza, akafagia ngazi zote mpaka ya chini, taratibu, akaurudisha mahali pake na kuingia ndani.