Kiti cha Mgeni

Bibi alipoanza kunisahau, alianza kuniheshimu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikabaki kuishi naye kijijini Katumba Songwe, karibu na mpaka wa Malawi, sisi wawili tu. Asubuhi moja nilipopiga magoti kumsalimia, alinivutia kiti akasema, "Karibu mgeni," akauliza habari za kwetu. Nilikaa. Tangu hapo hata nikimpa maji aliniambia "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, shukrani ya mtu na mtu baki. Nilichotaka ni kimoja, anijue tena.

Zamani uani kwake hapakuwa na nafasi ya kuweka kiti. Wanawake walikuja na mpunga wao kutwanga, wakitaniana na kusutana, na bibi alikuwa hodari wa kupepeta kuliko wote. Kisha biashara ikaachiwa huru, mtu akaleta mashine ya kukoboa, na wanawake wakahamia huko na madebe yao kichwani. Hakuna aliyegombana na bibi. Walikosa tu sababu ya kuja. Na mimi si msemaji, kwa hiyo nyumba ikawa kimya kutwa. Bibi akaanza kutia chumvi mara mbili, kisha kuuliza marehemu babu amekwenda wapi, kisha kuniita mgeni.

Ndipo akaja mama mmoja wa Malawi. Alikuwa akivuka mpaka na vitenge vya kuuza, akingoja siku za gulio la Ipinda, akaomba kona ya kuweka mizigo yake. Kinyakyusa chake kilikuwa cha ng'ambo ya mpaka, tofauti na chetu.

"Hilo si neno," bibi alimwambia siku ile ile.

Yule mama akashikilia kwamba ndilo neno, na wakabishana hadi moto ukazimika.

Baada ya hapo bibi alikuwa akimngoja. Akija, alimtuma kuni, alimtuma maji, alimwita mvivu, alimwuliza nani alimfundisha kushika mwiko namna ile. Yeye mpita njia alitumwa kama mtoto wa nyumbani. Mimi mjukuu, niliyemfulia na kumwogesha, niliwekewa kiti na kuletewa ndizi kwenye sahani ya maua. Niliona wivu. Nilitamani kugombezwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kumbukumbu zilikuwa zikirudi, na hazikurudi kwangu. Alimsimulia yule mama nani alitwanga na nani, na mwaka ule mto Songwe ulipofurika hata vinu vikaelea kama mitumbwi. Mimi sikuwahi kuyasikia hayo. Mama yule akiondoka, bibi alibaki mchangamfu siku chache, halafu akafifia, na kiti kikavutwa tena.

Siku moja akifunga mizigo yule mama aliniambia, "Mwanangu, unamtunza kama yai. Mbishie."

Kwa kuwa shauri hilo lilitoka kwake, sikulitaka. Nililikataa hadi mchana mmoja bibi aliponisogezea kiti kwa mikono miwili, kama anavyosogezewa mchungaji wa kanisa. Sikukaa. Nilichukua ungo, nikaanza kupepeta vibaya mbele yake.

"Mchele wa mashine hauhitaji kupepetwa, bibi."

Akaninyang'anya ungo.

"Nani kakwambia? Toka hapo, mvivu wewe. Kalete maji."

Nilikwenda karibu nikikimbia. Niliporudi, kile kiti alikuwa amekikalia mwenyewe, pumba zimemjaa miguuni.

"Mbona umechelewa? Mwenzako angekuwa ameshapika."

Nikatua ndoo. Kwa kawaida ningenyamaza, lakini wivu ulinipanda, nikamwambia huyo mwenzangu, yule mama wa vitenge, hajui kupika, wali wake ni bokoboko.

"Ni kweli, hajui," bibi akasema. "Lakini ana mdomo."

Nikachochea kuni, nikaendelea kumsema yule mama.