Salopeti ya Mpira Iliyorudi Sokoni

Siku ile ya mto Luapula haijanitoka, mwanangu, wala hasira yake haijanitoka. Watoto wangu wananiambia, "Mama, wacha, ile iko mambo ya zamani." Nawaacha waseme. Wao hawakuwepo. Weka simu chini, unisikilize, maana nimewaona ninyi vijana mnavyopigana picha kule ziwani Karavia na mavazi ya kuvulia ambayo hamjayatazama ndani hata mara moja, na damu yangu inachemka.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Tulikaa hapahapa Lubumbashi, kwenye mtaa tunaouita komini ya Kenya. Kazini kwake, mhandisi mmoja mgeni alimfundisha kuvua kwa nzi: ndoano ndogo unaifunga manyoya ya kuku au ya kanga mpaka ifanane na mdudu, kisha unairusha juu ya maji kwa fimbo nyembamba, na samaki anadhani chakula kimemwangukia kutoka mbinguni. Majirani walimcheka sana mpaka siku walipoonja samaki wake. Manyoya nilimfungia mimi, kwa kuwa vidole vyangu wakati ule vilikuwa vyembamba, si hivi unavyoviona.

Mvuaji wa namna hiyo huingia majini kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo huvaa salopeti ya mpira, ile suruali inayopanda mpaka kifuani, ina mikanda ya mabegani, na mabuti yake yameungwa chini kabisa. Ya Baba ilikuwa nyeusi, nzito, imejaa viraka vya mpira wa baiskeli magotini. Ilikuwa mbaya kuitazama. Kiunoni aliizungushia mkanda wa ngozi na kuukaza mpaka pumzi ikawa ya shida, ili akianguka maji yasishuke miguuni. Ukimuuliza kwa nini hanunui mpya, alikuwa akijibu, "Hii najua magonjwa yake yote."

Sasa, alikuwepo kijana mmoja, Célestin, mtoto wa watu wa Kasai, fundi wa kushona mwenye cherehani yake karibu na soko la Kenya. Alinipenda, nami nilimpenda, ila Baba alikuwa hajasema neno. Siku Baba alipomwambia, "Juma inayokuya tunaenda Kasenga kuvua, ukuye," Célestin alielewa kwamba ameitwa kupimwa. Akakimbia sokoni kutafuta salopeti.

Akaangukia mikononi mwa Floribert.

Jina hilo nikilitaja mpaka leo meno yanauma. Floribert aliuza vitu vya mtumba vya mpira: mabuti, makoti ya mvua, mipira ya kumwagilia. Alikuwa na mdomo mtamu, na kila mteja alimwita ndugu. Alimtolea Célestin salopeti ya kijani inayong'aa kama jani lililopigwa na mvua. "Ndugu yangu, hii ni ya bazungu, haizeeke. Na kwa weye nafanya bei ya familia." Mabuti yalikuwa makubwa mno kwa Célestin, Floribert akamwambia avae soksi nyingi. Mkanda wa kiunoni haukuwepo. Akamwambia mikanda ni ya wazee. Célestin akaenda kuijaribu Karavia, kwenye maji yaliyomfika magotini, mbele ya watu waliokuja kupumzika, na wote wakamsifu. Akarudi amejaa kifua. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yeye aliishia mlangoni.

Tulipanda lori la wachuuzi wa samaki mpaka Kasenga, ukingoni mwa Luapula. Asubuhi Baba aliuliza kwanza wenyeji kuhusu mamba na viboko, kama ilivyo adabu ya mgeni, wakatuonyesha mkono mwembamba wa mto wenye mchanga, maji yakitembea polepole. Mimi nilibaki ukingoni na kopo la manyoya. Baba aliingia mpaka mapajani, akasimama. Célestin alimpita. Samaki mmoja mkubwa alikuwa akiruka mbele, na kijana anayetaka mke hana breki.

Maji yalipomfika kiunoni nilimwona amesimama ghafla, kama mtu aliyeitwa jina. Alinigeukia. Hakupiga kelele, alisema tu, "Inaingia." Mshono wa paja ulikuwa umefunguka, na kwa kuwa hapakuwa na mkanda, maji yalishuka yote miguuni. Akajaribu kuinua mguu, buti likabaki kwenye tope. Akainua mwingine, nao ukakataa. Mto ukamsukuma taratibu, akalala upande, na kile kichwa nilichokipenda kikapotea.

Mwanangu, sijui nilifikaje majini. Nakumbuka Baba akiwa mbele yangu ametoa kisu cha samaki, na mimi nimeshika mkanda wake wa ngozi kwa mikono miwili ili mto usimchukue na yeye. Akakata mkanda wa bega la kushoto wa salopeti ile, akaushusha ule wa kulia, akamvuta Célestin kutoka ndani kama unavyovuta mtoto kutoka kwenye shati linalombana. Tulimlaza mchangani. Alitapika mto. Alipovuta pumzi ya kwanza nililia mpaka nikakaukiwa.

Baba hakumpa pole. Alisimama juu yake, maji yanamdondoka ndevuni.

"Weye fundi wa kushona! Kila siku unaangalia mushono ya bantu. Mutu akileta patalo, suruali yake, unaigeuza ndani mbele ya kuongea bei. Sasa ya kubeba maisha yako, haukuigeuza?"

Célestin akasema kwa sauti ndogo, "Papa, alikuwa ananiita ndugu."

"Ndugu!" Baba akatema mate. Akaigeuza salopeti ndani nje. Mshono wote wa mapajani ulikuwa umekwisha kuoza, umepakwa gundi na kupakwa rangi ya kijani juu yake. Aliyefanya hivyo alijua anachofanya. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na siku ile sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia.

Tuliporudi Lubumbashi, Baba hakupita hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja sokoni Kenya, sisi nyuma yake, Célestin bado anakohoa. Akaazima nusu ya pipa kwa mama mmoja muuza mihogo, akaijaza maji mbele ya meza ya Floribert. Watu wakaanza kukusanyika. Soko la Kenya halihitaji tangazo.

"Vaa," Baba akasema, akamwekea salopeti mezani.

Floribert akacheka. "Papa, mali ikisha kutoka ku meza, haiko tena yangu."

"Nimesema uvae. Uingie mu maji, tuone."

"Papa, unanipatisha haya mbele ya bantu."

"Haya? Mutoto yangu huyu angerudi mu sanduku, na weye unasema haya?"

Wamama wa soko wakaanza kupiga makofi: "Avae! Avae!" Floribert akatazama pipa, akatazama salopeti, na hakuigusa. Baba akaiinua mwenyewe, akamwaga maji ndani yake. Maji yakatoka mapajani kama mbuzi anayekojoa. Soko zima likaangua kicheko. Basi Baba akaitupa ile salopeti usoni mwa Floribert, ikamfunika kichwa, akamwambia, "Bakia nayo. Hata franga zako sitaki." Tukaondoka kama watu walioshinda mechi. Watoto walitufuata wakiimba. Mimi nilijiona binti wa mfalme.

Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungecheka, ukaenda zako. Wengi wanaoisimulia hapa mtaani huishia hapo. Ndicho kinachonikasirisha.

Mvua zilipita, kiangazi kikarudi. Célestin alikuwa amekwisha leta mahari. Jumapili moja padri akatangaza kifo cha Anaclet, mwenzetu wa kanisa, fundi wa kujenga, baba wa watoto wadogo. Alikuwa amekwenda kuvua kwenye mto Lufira akazama. Tukaenda matangani. Uani, juu ya kamba ya nguo, kati ya vitambaa vya watoto, ilitundikwa salopeti ya mpira ambayo walimtoa nayo majini.

Ilikuwa imepakwa rangi upya, ya buluu. Lakini mkanda wa bega la kushoto ulikuwa umekatwa kwa kisu na kushonwa kwa uzi mwekundu.

Baba aliona kabla yangu. Nilimwona akishika mti wa paa. Alikwenda kwa mjane, mwanamke mdogo aliyekaa chini na mguu umenyooshwa mkekani, akapiga magoti mbele yake, mzee mzima na mvi zake.

"Mama, unipe ruhusa nikate kile kintu."

Mjane akasema, "Papa, ile njo kitu moja tu alikuwa nacho, kaka zake banataka kuiuzisha."

Mwanangu, sikia tena hilo neno. Walitaka kuiuza.

Baba akatoa kisu. Alikata kamba salopeti ingali inaning'inia, akaikata vipande, vipande vya vipande, mpaka mikono ikamtoka damu na wanaume wakaja kumshika. Akawasukuma. Akawaambia waombolezaji wote, "Kile kifo nilikuwa nacho mu mikono yangu. Nilikuwa na kisu. Nikairudisha ku soko sababu nilitaka bantu bacheke."

Kesho yake tulikwenda kumtafuta Floribert. Meza ilikuwa na mtu mwingine. Wakatuambia amehamia Kolwezi, wengine, Kasumbalesa. Hakuna aliyemuuliza neno mpaka leo. Baba aliwasaidia watoto wa Anaclet kwa kila samaki aliyemvua tangu siku ile, lakini hakusimulia tena habari ya pipa, na mtu akiisimulia mbele yake alikuwa anatoka nje. Célestin, ambaye ndiye mume wangu, hawezi kumshonea mtu nguo bila kuvuta kila mshono kwa mikono yake mpaka wateja wanakasirika.

Sasa haya ndiyo ninayokuambia, na uyashike. Kununua cha bei ndogo si aibu; mfuko wa mtu wa Kenya unajulikana. Aibu ni kununua rangi. Ukipewa salopeti, igeuze ndani nje pale pale, mbele ya muuzaji, umwache akasirike. Tazama mapajani na katikati ya miguu, maana ndipo inapokufa kwanza. Mwaga maji ndani; akikukatazia, ondoka. Chagua mpira mzito ambao fundi wa baiskeli anaweza kuuziba. Ile myepesi inayong'aa, mwiba mmoja tu umeimaliza na hapa hakuna wa kuitibu. Buti likushike mguu na soksi moja nene, si furushi la soksi. Mkanda wa kiunoni uukaze hata wakikucheka. Ukirudi, ioshe, itundike kivulini miguu juu, usiikunje, usiiweke karibu na jiko; usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa majini hakuna aujengaye. Wala usizidi mapaja, hata samaki akikuita kwa jina lako, kwa kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Na cha kuua, ukikijua, usikirudishe sokoni. Usimpe jirani, usimpe maskini ukasema umetoa sadaka. Usiridhike kwamba umemfedhehesha mwovu. Kikate. Kisha ndipo ukasirike kadiri unavyotaka.

Nenda, mwanangu. Mungu akushike mguu wako kwenye mchanga na kwenye tope. Maji yakuogope. Kila uendapo kuvua, akuvushe salama, na wanaokungoja nyumbani wakusikie unapiga hodi ungali mkavu.