Mashine Iliyolia Bila Stima

Sitaki kubishana na mtu. Haya niliyaona mwenyewe, saa tisa mchana, jua likiwaka, ndani ya duka langu hapa Kondele. Ukitaka kucheka, kachekee kwako.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na ni mwanamke. Watu huingia wakaniuliza fundi yuko wapi, kwa hivyo hasira huwa ninayo hata kabla ya chai. Siku hiyo aliingia bwana mmoja amebeba CPU kwapani kama jogoo wa kuuza. Akasema anaitwa Ochieng, ametoka Kombewa.

"Madam, futa kila kitu kilichomo. Nimepata mtu wa kuinunua."

Nikaichomeka. Sasa nikueleze. Kompyuta ikiwashwa hujipima kwanza kabla ya kuonyesha chochote. Ikiwa nzima, hulia ti, mara moja, basi. Ikiwa na ugonjwa hulia vingine, na kila ugonjwa una mlio wake. Hii ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza, mrefu tena, haiishi. Mashine za aina ile zikilia hivyo shida ni RAM, kile kibao kidogo cha kumbukumbu. Nikaitoa, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli kama tunavyofanya mafundi wote, nikairudisha. Ikalia. Nikaweka RAM yangu ambayo najua ni nzima. Ikalia vilevile.

Kwenye benchi ya wateja alikuwa ameketi mwanamume mrefu, amevaa sweta ya kijani kwa joto lile lote, mkono mmoja shavuni. Sikumwona akiingia. Nilidhani anangoja zamu yake.

"Dada, si RAM," akaniambia taratibu. "Chomoa spika uone."

Nani hakasiriki akifundishwa kazi dukani kwake? Lakini kelele ilikuwa imenichosha, nikaichomoa ile spika ndogo ya ndani inayotoa mlio. Mashine ikaendelea kulia. Nikang'oa waya wa stima ukutani. Feni ikasimama, taa ikazima, na mlio ukaendelea, mrefu, mrefu. Niamini. Kile kibetri cha ndani hutunza saa tu, hakiwezi kuliza kitu.

Yule wa benchi akasema, "Mwambie Ochieng airudishe kwa Mama Akinyi. Matanga hayajaisha."

Nikamgeukia Ochieng. "Unamsikia huyu?"

"Nani?" Akatazama benchi, akanitazama mimi. "Madam, uko sawa? Hapa tuko wawili tu."

Nikatazama tena. Benchi ilikuwa tupu.

Mwili ulinisisimka, sikatai, lakini hasira ndiyo iliyotangulia. Nikamuuliza Mama Akinyi ni nani. Jasho likamtoka, na maneno yakatoka kidogo kidogo. Mama Akinyi ni mke wa kaka yake. Kaka amezikwa juzi. Mjane bado yuko msibani, hawezi kutoka kwenda nyumba ya mtu, wageni wangali wanakula uani, na huyu bwana akaingia chumbani akabeba mashine. Mashine ambayo mama yule huitumia kuwachapia watu barua na mitihani pale sokoni! Hiyo ndiyo inalisha watoto wake, hana kazi nyingine.

"Ni ya ndugu yangu," Ochieng akasema. "Mali ya ndugu ni ya boma."

Huku kwetu hata kiti cha marehemu hakihamishwi kabla wazee hawajakaa kuamua. Mtoto mdogo anajua hilo, na huyu kichwa chote ni mvi. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Akanyoosha mkono aichukue CPU, nayo ikalia kwa nguvu mpaka muuza simu wa duka la pili akaja kuchungulia. Ochieng akatoka bila kuaga.

Nilifunga duka nikaipeleka Kombewa mwenyewe, nikiulizia nyumba yenye matanga, ikilia njia nzima. Nilipoiweka mezani kwa Mama Akinyi, ikanyamaza. Tukaichomeka. Ti, mara moja.

Nikamweleza yote, nikidhani atafarijika. Mama wa watu akasimama.

"Sweta ya kijani? Mkono shavuni?"

"Ndiyo, mama."

"Amekuja kwako? Mimi namlilia hapa kila usiku, hajanijia hata ndotoni. Wewe hata hakujui!"

Akanifukuza. Nyumba nzima ya waombolezaji ikaniangalia nikitoka, na sikumlaumu.

Mashine inafanya kazi hadi leo, na watoto wanakula. Mama Akinyi hunipigia simu mara kwa mara. Hanisalimu. Huniuliza tu, "Amekuja tena?" Namwambia bado, mama. Anakata. Mimi nami siwashi tena mashine ya mtu kabla ya kuuliza imetoka nyumba gani, na wateja wanasema nimerukwa na akili, wanavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Waende.

Basi wewe unayenisikiliza, msiba ukiwa bado nyumbani, usiguse cha mjane. Usiseme ni mali ya boma. Ukikigusa, usikilete kwangu.

Na kama yupo marehemu anayenisikia, naye nimwambie. Una shida yako, sawa, nimekuelewa. Lakini kabla hujaja kuketi dukani kwangu, pitia kwanza kwa mke wako.