Kapteni Asiyepanda Ndege

Mtaani walimwita Kapteni kwa utani tu, maana hakuna asiyejua kwamba fundi huyu wa madirisha ya alumini alikuwa hajawahi kupanda ndege. Hata ngazi ya karakana yake aliipanda huku ameshika ukuta.

Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa ng'ambo. Siku moja akapiga simu kusema anatarajia mtoto.

"Baba, safari hii mje wote wawili," alisema. "Mimi siwezi kuja. Karatasi zangu za ukaazi hazijakamilika, nikitoka hawatanirudisha."

Fundi akacheka, akasema watakuja. Alipokata simu, viganja vilikuwa vimelowa jasho.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, alimwona. "Baba watoto, wewe ukikijua kitu hakikusumbui," akamwambia. "Umeme ulikuwa unauogopa. Leo unashika nyaya kama uzi wa kushonea."

Maneno hayo yakamwingia. Akaamua kujenga chumba cha rubani kwenye chumba alichokuwa akilala binti yao. Alitafuta programu ya kujifunzia kurusha ndege, akaiweka kwenye kompyuta yake kuukuu, kisha akaanza kuokota vipande vya alumini vilivyobaki kazini. Kwa kuwa mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, hakutengeneza kitu kizima. Kila paneli aliitengenezea kisanduku chake, na waya wake wa kwenda kwenye kompyuta: hii ya redio, hii ya injini, hii ya magurudumu. Moja ikiharibika, anafungua skrubu, anaichomoa, nyingine zinaendelea na kazi. Kingo alizipiga tupa mpaka zikawa laini kama sahani. Majina ya swichi aliyaandika kwa rangi nyeupe, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Jioni mkewe alikaa nyuma yake, mkoba mapajani, akawa abiria.

"Kapteni, ndege hii haina chai?"

"Subiri tutue, mama."

Wakacheka. Akawa anaruka na kutua vizuri, na mkewe akaamini kwamba hofu imekwisha.

Kisha akafikia paneli ya taa za hatari. Ili aitengeneze, ilimbidi asome kila taa ni ya nini. Moto kwenye injini. Mafuta kupungua. Hewa kupungua ndani. Mlango haujafunga sawasawa. Alipoichomeka kuijaribu, zote zikawaka pamoja, nyekundu tupu.

"Mke wangu, kumbe kuna mambo yote haya."

"Si ndiyo maana wameweka taa, rubani ajue mapema?"

"Akishajua?"

Mkewe akainuka kwenda kutazama chungu jikoni.

Tangu hapo, kila aliporuka, macho hayakutoka kwenye taa zile. Akaichomoa paneli, hali ikawa mbaya zaidi, maana sasa anaruka bila kujua kinachoharibika. Akairudisha. Mjukuu akazaliwa, wa kiume, na tiketi zikakatwa.

Siku ya safari alijikaza mpaka akaketi na kufunga mkanda. Injini zilipoanza kunguruma, alitambua kila mlio, na baada ya kila mlio akausubiri ule unaofuata, kama vile ukichelewa kidogo tu wote watakufa. Akamwita mhudumu.

"Naomba kushuka."

Mhudumu akainama karibu naye. "Mzee wangu, ndege ni salama kabisa."

"Naijua, mwanangu. Naijua sana. Hiyo ndiyo shida."

Mkewe akaanza kufungua mkanda wake. Fundi akamshika mkono. "Wewe nenda. Angalau mmoja wetu ambebe mjukuu."

Ilibidi sanduku lake litafutwe kati ya mizigo yote, na abiria mmoja akasonya. Fundi alishuka ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Ndege ilipoondoka, alikuwa amekaa ndani ya jengo, ameipa mgongo.

Binti yake alipiga simu siku hiyohiyo. "Si neno, baba," alisema kwa upole. Angemfokea, ingekuwa nafuu.

Alijaribu tena mwaka uliofuata, safari hii akiwa amemeza vidonge vya daktari vya kutuliza hofu. Hakufika hata kwenye ngazi ya ndege.

Mkewe huenda na kurudi. Mtoto ameshaanza kusema, na kwenye simu ya video humwita bibi yake kwa furaha, anambusu kwenye kioo. Juzi mkewe alimsogezea fundi simu. Mtoto akamtazama kidogo, akageuka kwa mama yake.

"Huyu nani?"

"Babu," mama akamjibu. "Msalimie babu."

Fundi akapunga mkono, akatabasamu, akatafuta la kusema. Mtoto alikuwa ameshaondoka, na kwenye simu kukabaki kiti kitupu.